Braniff: ni kweli iliuawa na rangi?

Chungwa_Tupu aliuliza:

Wakuu, mimi ni mtu wa kuunda vindege vya plastiki, vile vya kuunganisha kwa gundi. Juzi nimemaliza Boeing 747 ya Braniff, shirika la ndege la zamani la Marekani, chungwa tupu mwili mzima. Kila ninayemwonyesha ananiambia, "Hao si ndio waliofilisika kwa kujipamba?" Mimi hainiingii akilini. Kampuni iliyoanza kuruka 1928 ife kwa sababu ya rangi? Anayeijua habari hii anifungue macho.

Kiti_cha_Dirishani alijibu:

Mkuu, umegusa ugonjwa wangu. Kaa vizuri.

Ya ndugu wawili, Tom na Paul Braniff, kuanza na safari za Tulsa na Oklahoma City, nayapita. Kisa chenyewe kinaanza 1965, makao yakiwa Dallas. Anaingia bosi mpya, Harding Lawrence, na kazi ya matangazo inaangukia kwa Mary Wells (baadaye wakaoana, hayo yao). Mama huyu aliona kila kitu cha usafiri wa anga kimepauka. Akaletwa mbunifu Alexander Girard, na ndege zikapakwa kila moja rangi yake: chungwa, njano, buluu na kadhalika. Zambarau mpauko haikudumu. Braniff ilikuwa inakwenda Mexico, na kumbe huko rangi hiyo ikikaa pamoja na nyeusi na nyeupe ni mkosi!

Sare alibuni Emilio Pucci kutoka Italia. Tafuta picha ya ile kofia yake ya plastiki angavu, kama bakuli la samaki, mhudumu aivae akitembea kwenda kwenye ndege mvua isimharibie nywele. Nimeicheka miaka mingi na bado naipenda. Halafu 1973 wakampa Alexander Calder, mchongaji mwenye umri wa miaka 75, ndege nzima aina ya DC-8 aichore atakavyo.

Sasa hapa ndipo wanaokucheka wanapoteleza. Enzi hizo nauli na njia zilipangwa na serikali, kupitia Civil Aeronautics Board, bodi yake ya usafiri wa anga. Tiketi ya kwako na ya mshindani wako bei ni ileile. Abiria utamvuta kwa nini kama si kiti, chakula, sare na rangi? Kwa hiyo rangi iliwalisha miaka yote hiyo.

Kilichowaua kina tarehe. Oktoba 1978 Rais Carter alitia saini sheria ya kuondoa udhibiti huo. Tarehe 15 Desemba mwaka uleule Braniff ikafungua njia mpya 32. Siku moja, mkuu, thelathini na mbili! Lawrence aliamini serikali itajuta na kufunga mlango tena, kwa hiyo achote kabla haujafungwa. Haukufungwa. 1979 mafuta yakapanda, riba ikapanda, ndege alizochukua ni za mkopo, na viti vingi vinaruka vitupu. Mwaka huohuo washindani wao American Airlines wakahamishia makao yao makuu eneo la Dallas, mlangoni pake.

Mzee_wa_Hesabu alijibu:

Unamtetea sana. Na Concorde je? Ile haikuwa kujipamba?

Kiti_cha_Dirishani alijibu:

Hapo umenipata. Concorde sina utetezi nayo. Ilikuwa ya Air France na British Airways. Ikifika Washington, marubani wa Braniff wanaipokea na kuipeleka Dallas. Ndege ya kushinda sauti, lakini juu ya nchi kavu ya Marekani haikuruhusiwa kuishinda sauti! Mafuta inakunywa, abiria wa kuhesabu. Zile za Waingereza zilikuwa zinazibwa herufi ya usajili wa Uingereza kabla ya kuanza kipande hicho, ili zihesabike za Marekani, kisha inafunuliwa zikirudi. Ilianza Januari 1979, na mwaka uliofuata ikaachwa. Ila hata hiyo haikuwa shimo kubwa kama zile njia 32.

Mzee_wa_Hesabu alijibu:

Sawa. Lakini sheria ilikuwa ya wote, na shirika jingine la ndege, Southwest, walikuwa palepale Dallas wakiuza nauli ya chee na wakapata faida. Aliyezoea kuuza urembo hakujua kuuza bei. Kwa maana hiyo rangi ina mkono wake.

Kiti_cha_Dirishani alijibu:

Nusu nakubali. Na ona kichekesho: Lawrence alipoondoka, wadai wamekaba, 1981 waliyemwita kuokoa jahazi ni Howard Putnam, bosi wa hiyohiyo Southwest. Alipunguza utitiri wa nauli, akauza njia, lakini sanduku lilikuwa limekauka. Tarehe 12 Mei 1982 safari zikasitishwa, kesho yake wakaenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Jina lilifufuliwa mara mbili baadaye, likafa mara mbili.

Chungwa_Tupu, 747 ina sehemu yake hapa. Wakati ndege nyingine zimeshaegeshwa, moja ilikuwa bado inatoka Honolulu. Ilitua Dallas asubuhi ya tarehe 13, wenye kampuni wakiwa hawana tena kampuni.

Chungwa_Tupu alijibu:

Aisee. Nilikuwa nimeiweka kwenye stendi, inapaa, magurudumu ndani. Naibandua leo usiku. Mwenye magurudumu ya 747 ya kipimo cha 1/144 aliyobakiwa nayo anicheki.