Ushauri: Prelude ya Chopin namba 24, mkono wa kushoto unagoma

noti_za_usiku: Wakuu habari za jioni. Nimebakiza wiki 5 nitume video ya usaili wa chuo cha muziki Ulaya, nimechagua prelude (kipande kifupi cha piano) ya mtunzi Chopin ya D maina, ile inayofunga opus 28, mkusanyiko wake wa prelude 24. Mkono wa kulia zile skeli (noti za kupanda na kushuka kwa mfululizo) zinakwenda, tatizo ni kushoto, noti tano zimeachana kupita oktava (umbali wa noti nane) halafu zinajirudia karibu mwanzo mpaka mwisho, nikifika katikati spidi imekata. Nifanyeje?

MamaAlto: Sali kwanza mwanangu. Mimi niliwahi kuimba solo ya Pasaka nina homa, sauti ilitoka mpaka padri akashangaa.

fundi_besi: Chopin alizimalizia prelude hizo kisiwa cha Majorca, Hispania, baridi ya 1838 kwenda 1839, yuko hoi anakohoa. Hiyo ya mwisho kaandika allegro appassionato, yaani haraka na kwa hisia kali, ina ghadhabu tangu noti ya kwanza, ndo maana watu wanakaza mkono. Usikaze. Usitanue kiganja kama unataka kushika noti zote tano kwa mpigo, mkono uhame wenyewe, noti ya chini ukishaigusa iachie. Kwani unaumwa?

noti_za_usiku: Hilo tuliache mkuu, nauliza spidi.

fundi_besi: Siachi. Jibu.

noti_za_usiku: Kidole kidogo kinakufa ganzi tangu mwezi uliopita. Ila nikipumzika kinarudi, na fomu nishaijaza.

dogo_tempo: Piga namba 4 bro, ya taratibu, usaili umeisha 😂

noti_za_usiku: Namba 4 kila mtu anapiga. Hii nimeihangaikia mwaka mzima.

kaka_metronomu: Mi naona chai. Kwenye uzi mwingine ulisema unafanyia mazoezi kibodi ya kwaya, funguo 61. Prelude hiyo inaisha na D tatu tupu, D ya chini kabisa ya piano. Kibodi yako haifiki huko. Unazipiga wapi?

noti_za_usiku: Sio chai. Nazipiga oktava moja juu. Na funguo zake nyepesi, basi nagandamiza kwa nguvu nitafute uzito.

fundi_besi: Ganzi imeanzia hapo sasa. Pumzisha mkono wiki hii, umwone daktari. Halafu parokiani kwetu kuna piano ya funguo 88, Jumamosi asubuhi haina mtu. Njoo PM.

noti_za_usiku: Nakuja kaka, asante sana. Ila namba 24 sibadilishi.