Je, joto la dunia linazidisha vimbunga vya Atlantiki, au ni mzunguko wa asili wa bahari?

Mpwani_Texas:

Ndugu zangu, naomba mnisaidie katika jambo ambalo limekuwa ubishi wa kudumu kati yangu na jirani yangu hapa Houston. Nilihamia huku nikitokea Tanga, na mwezi Agosti 2017 nilikishuhudia kwa macho yangu kimbunga Harvey, ambacho kilitua karibu na mji wa Rockport usiku wa tarehe 25 kikiwa cha daraja la 4 kati ya madaraja matano ya kasi ya upepo, kisha badala ya kwenda zake kama vimbunga vingine kikaganda juu yetu kwa siku kadhaa, kikimwaga mvua mpaka maji yakaingia sebuleni kwangu na kufika magotini. Tangu siku hizo nimeamini kwamba bahari iliyopashwa joto na moshi wa viwanda na magari ndiyo inayotuletea balaa hii.

Jirani yangu, mzee aliyezaliwa Galveston, mji wa pwani hapa Texas, hakubaliani nami hata kidogo. Anasema, kwanza, kwamba kimbunga kilichouangamiza mji wao mwaka 1900 kiliua watu wapatao 8,000 katika zama ambazo magari yalikuwa ya kuhesabika. Pili, anakumbusha kwamba baada ya kimbunga Katrina, mwaka 2005, tuliambiwa tujiandae kwa majanga ya namna hiyo kila mwaka, lakini tangu kimbunga Wilma kilipoipiga Florida mwezi Oktoba mwaka huohuo hadi Harvey ilipotua, karibu miaka 12, hakikutua Marekani kimbunga hata kimoja cha daraja la 3 au zaidi. Tatu, anadai kwamba Atlantiki ina mzunguko wake, miongo michache ya joto ikifuatwa na miongo michache ya baridi, na kwamba sisi tumezaliwa tu katika upande wa joto.

Nakiri kwamba sina majibu. Siulizi kama dunia inapata joto, kwa maana hilo hata yeye halikatai. Nauliza juu ya vimbunga: wataalamu wenyewe wamefikia wapi?

Kusi_na_Kaskazi:

Pole kwa yaliyokukuta, ndugu. Jirani yako si mtu wa kupuuzwa, kwa kuwa hoja zake zote zimewahi kutolewa na wataalamu wenye heshima zao. Tatizo ni kwamba swali lenu limebeba maswali kadhaa ndani yake: idadi ya vimbunga, nguvu ya upepo wake, kiasi cha mvua, na urefu wa maji ya bahari yanayosukumwa nchi kavu. Majibu yake hayafanani, na ndiyo maana mnaweza kubishana miaka kumi, kila mmoja akiwa na haki yake.

Tuanze na nguvu, maana hapo ndipo ubishi ulipozaliwa. Kimbunga ni mashine ya joto. Kinahitaji maji ya bahari yenye takriban nyuzijoto 26 au zaidi, tena si juujuu tu bali kwa kina cha makumi ya mita, ili upepo unapoyachafua maji usiibue ubaridi wa chini. Mvuke unaopanda unapogeuka kuwa mawingu huachilia joto lake, hewa inazidi kupanda, mgandamizo wa hewa katikati unashuka, na upepo unakimbilia ndani kwa kasi zaidi. Kerry Emanuel wa chuo cha MIT alikwisha kuonyesha mwaka 1987, kwa hesabu za nadharia tu, kwamba bahari ikipata joto zaidi, ukomo wa nguvu ambayo kimbunga kinaweza kuifikia nao hupanda. Nasema ukomo kwa makusudi, kwa sababu vimbunga vingi havifiki huko: vinakatwa na upepo wa juu unaovuma kwa kasi na mwelekeo tofauti na wa chini, au vinakaushwa na hewa yenye vumbi la Sahara.

Mwaka 2005 ndipo moto ulipowaka. Mwezi Januari, Chris Landsea, mtaalamu wa vimbunga wa serikali ya Marekani, alijitoa katika kazi ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi la Umoja wa Mataifa (IPCC), akilalamika kwamba Kevin Trenberth, mmoja wa viongozi wa uandishi wa ripoti hiyo, alikuwa amezungumza na waandishi wa habari akihusisha vimbunga vya mwaka 2004 na ongezeko la joto bila ushahidi wa kutosha. Miezi michache baadaye Emanuel akachapisha makala yaliyoonyesha kwamba jumla ya nguvu inayotolewa na vimbunga ilikuwa imeongezeka sana tangu katikati ya miaka ya 1970, na kabla wino haujakauka Katrina ikaipiga New Orleans. Mwezi Septemba Peter Webster, Judith Curry na wenzao nao wakaandika kwamba vimbunga vya daraja la 4 na la 5 duniani vilikuwa vimekaribia kuongezeka maradufu tangu 1970. William Gray wa Colorado, ambaye ndiye aliyeanzisha utabiri wa misimu ya vimbunga vya Atlantiki, aliyapinga yote hayo kwa maneno makali, akishikilia mzunguko uleule anaoutaja jirani yako.

Leo hali imetulia kuliko wakati ule. Ripoti ya Jopo ya mwezi Agosti 2021 inasema kwamba kuna uwezekano mkubwa kuwa sehemu ya vimbunga vinavyofikia daraja la 3 na kuendelea, miongoni mwa vimbunga vyote duniani, imeongezeka katika miongo minne iliyopita, na kwamba ongezeko hilo haliwezi kuelezwa na mabadiliko ya asili peke yake. Tafadhali mwambie jirani yako kwamba sentensi hiyo inazungumzia sehemu katika jumla. Haisemi kwamba jumla yenyewe imekua.

Hesabu_Kwanza:

Nashukuru kwamba mwenzangu amelisema hilo la mwisho, maana ndilo linalopotoshwa kila msimu unapoanza. Mimi nashughulika na takwimu, na katika jambo hili nasimama karibu na mzee wa Galveston.

Fikirini jinsi vimbunga vilivyokuwa vikihesabiwa. Mwaka 1900 kimbunga kilijulikana tu kikiikuta meli au kikitua mahali penye watu, na nahodha mwenye akili alikikwepa, kwa hiyo vingi viliishia katikati ya bahari bila shahidi. Ndege zilianza kutumwa kuvichunguza miaka ya 1940, na satelaiti zikafuata miaka ya 1960. Ukichora mstari wa idadi kuanzia karne ya 19 hadi leo utaona unapanda, lakini sehemu kubwa ya mpando huo ni mpando wa macho yetu. Watafiti wa tabianchi Gabriel Vecchi na Thomas Knutson walizipitia njia za meli za zamani, wakakadiria ni dhoruba ngapi zingeweza kupita bila kuonekana, na baada ya kuziongeza katika hesabu mpando ule ulikaribia kutoweka. Landsea naye alionyesha kwamba ongezeko kubwa limo katika dhoruba zinazoishi chini ya siku mbili, ambazo zamani hakuna ambaye angezipa jina. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba mwaka 2020 Atlantiki ilikuwa na dhoruba 30 zenye majina, idadi kubwa kuliko zote zilizowahi kuandikwa, mwulize kwanza ngapi kati ya hizo zingeonekana na nahodha wa mwaka 1900.

Hata gharama za uharibifu si ushahidi. Miami ya mwaka 1926 ilipigwa na kimbunga ambacho leo, kikipita njia ileile, kingekuwa miongoni mwa vya gharama kubwa kuliko vyote katika historia ya Marekani, kwa sababu tu majumba yaliyoko huko sasa hayakuwapo wakati ule. Na Houston yenyewe, ndugu Mpwani, imemwagiwa saruji juu ya mbuga zilizokuwa zikinywa maji.

Kusi_na_Kaskazi:

Kuhusu idadi sina ugomvi na Hesabu_Kwanza. Modeli nyingi za kompyuta zenyewe hazitabiri kwamba vimbunga vitaongezeka kwa idadi duniani, na baadhi zinaonyesha vikipungua. Nina mambo mawili tu ya kuongeza.

La kwanza ni ile miaka 12 ya utulivu. Pwani ya Marekani ni kipande kidogo cha Atlantiki, na kuhesabu vimbunga kwa kuangalia vilivyotua hapo ni sawa na kuhesabu samaki wa bahari kwa kuangalia wavu mmoja. Katika miaka hiyohiyo, mwaka 2007, Dean ilitua Meksiko na Felix ikatua Nikaragua, zote zikiwa za daraja la 5. Tena jirani yako anaikumbuka Ike ya Septemba 2008, ambayo kwa daraja ilikuwa ya 2 tu, hivyo haimo katika hesabu yake, ilhali maji iliyoyasukuma yaliifuta karibu nyumba zote za baadhi ya vijiji vya rasi ya Bolivar, ng'ambo ya mji aliozaliwa. Daraja hupima upepo, na maji hayana habari nalo.

La pili ni ule mzunguko. Ni kweli kwamba Atlantiki ya kaskazini ilikuwa na joto katikati ya karne ya 20, ikapoa kidogo miaka ya 1970 na 1980, kisha ikapata joto tena kuanzia 1995 hivi. Ubishi wa sasa unahusu chanzo cha kupoa kule. Watafiti kadhaa, Emanuel na Michael Mann wakiwamo, wanasema kwamba chembechembe za salfa kutoka viwanda vya Marekani na Ulaya zilikuwa zimeutanda uso wa bahari na kurudisha sehemu ya mwanga wa jua angani, mpaka sheria za hewa safi zilipozipunguza. Kama wako sahihi, basi kile ambacho Gray alikiita asili kilikuwa na mkono wa binadamu ndani yake, na sehemu ya ongezeko la vimbunga tangu 1995 imetokana na jambo jema, yaani kusafisha hewa. Jambo hilo halimfurahishi mtu wa upande wowote katika ubishi huu, na huenda ndiyo sababu halitajwi sana.

Lakini hakuna hata mmoja wenu aliyeigusa mvua, na Harvey ilikuwa mvua. Kila nyuzijoto moja inapoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Nederland, mashariki ya Houston, zilipimwa zaidi ya milimita 1,500 katika kimbunga hicho, na makundi ya watafiti yaliyofanya hesabu kila moja kwa njia yake yaliona kwamba mvua hiyo ilizidishwa na joto la dunia: moja lilikadiria kama asilimia 15, jingine kama asilimia 38. Makadirio hayo yanapita asilimia 7, na maelezo yanayotolewa ni kwamba kimbunga chenye joto zaidi huvuta pia hewa yenye unyevu kutoka mbali zaidi.

Hesabu_Kwanza:

Kuhusu mvua nakubali, kwa kuwa pale fizikia iko wazi na vipimo ni vya vyombo vya kisasa. Ila makundi mawili yanapotofautiana kati ya 15 na 38, mtu asichague namba inayompendeza na kuiacha nyingine.

Mpwani_Texas:

Ahsanteni sana. Jana jioni nilimsomea jirani yangu maneno yenu, nikimtafsiria. Kwenye idadi alitabasamu kama aliyeshinda kesi. Kwenye Ike alinyamaza, kwa sababu dada yake alikuwa na nyumba Bolivar. Tulipofika kwenye mvua aliingia sebuleni kwangu, akainamia alama ya maji ambayo sikuwahi kuipaka rangi, akaniuliza: ikiwa ni asilimia 15, basi katika alama hii sehemu ya joto la dunia ni vidole vingapi?

Kusi_na_Kaskazi:

Hesabu haiendi hivyo, kwa sababu asilimia 15 ya mvua si asilimia 15 ya kimo cha maji sebuleni. Maji ya mwanzo huingia ardhini, yanayofuata huchukuliwa na mifereji, kisha hujaa mito na mabwawa, halafu hujaa barabara, na yale yaliyobaki ndiyo yanayopanda mlangoni. Pimeni kwanza kizingiti chako kina urefu gani kutoka usawa wa barabara, kisha mtafute ramani za mafuriko zilizochorwa upya baada ya 2017, maana wapo watafiti waliorudia hesabu za Harvey kwa Kaunti ya Harris wakiiondoa mvua ya ziada, na wakaona kwamba sehemu kubwa ya nyumba zilizoingia maji zisingeingia hata tone.