Maji ya bahari yalivyo, ya kuzimuliwa, au ya kuongezwa salfeti? Nichague yapi

Tone_la_Mwisho: Wakuu, habari za kazi. Wiki ijayo natakiwa kuagiza kemikali za jaribio la kusukuma maji ndani ya mwamba ili yatoe mafuta ghafi. Nina vipande viwili tu vya mwamba, na mezani kuna maji ya aina tatu: ya bahari yalivyo (gramu 35 hivi za chumvi kwa lita), hayo hayo yakizimuliwa mara 20, na ya bahari yaliyoongezwa salfeti. Niache yapi?

Jabali: Mkuu, mwamba gani? Wa mchanga au wa chokaa? Joto nyuzi ngapi? Maji ya asili ya tabaka, yaani yaliyomo mwambani pamoja na mafuta, yana kalsiamu kiasi gani? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Mama_Maabara: Jabali kauliza la msingi, maana mchezo wote ni wa chaji. Kwatzi, madini makuu ya mchanga, na udongo wa mfinyanzi nyuso zake zina chaji hasi. Kalsaiti, madini ya chokaa, ikiwa kwenye maji yenye kalsiamu nyingi huelekea chanya. Asidi za mafuta ghafi nazo ni hasi, kwa hiyo kwenye chokaa zinanata zenyewe. Kwenye mchanga zinahitaji mshenga, naye ni ioni (chembe yenye chaji) ya kalsiamu, yenye chaji chanya mbili: huku kashika udongo, huku kashika mafuta. Ukizimua maji, tando za ioni juu ya madini na juu ya mafuta zinatanuka, zinasukumana, na mshenga anaachia. Dawa ya mchanga si lazima iwe dawa ya chokaa.

Tone_la_Mwisho: Samahanini, nilipitiwa. Ni mchanga, nyuzi 70. Udongo wa mfinyanzi upo, mwingi ni wa aina ya kaolini.

Zamu_ya_Usiku: Mimi nasema salfeti. Angalieni Ekofisk, eneo la mafuta upande wa Norway wa Bahari ya Kaskazini. Tangu 1987 wanasukuma maji ya bahari kwenye chaki, aina ya mwamba laini wa chokaa, na chaki ile imetoa mafuta kuliko walivyotarajia. Salfeti inakaa juu ya uso wa mwamba, inapunguza chaji chanya, kalsiamu inasogea karibu na kuyang'oa mafuta.

Jabali: Kaka, Ekofisk ni chaki, na joto lake ni nyuzi 130 hivi. Huyu ana mchanga wa nyuzi 70. Halafu maji ya tabaka yakiwa na bariamu, salfeti yako inageuka mawe ndani ya bomba, na mawe hayo hakuna asidi ya kawaida inayoyayeyusha.

Kokoto_Laini: Tone, kabla hujazimua, nisikilize. Nilikuwa na mchanga kama wako, kaolini nayo ipo. Nikatoa maji ya tabaka, nikaingiza maji karibu matupu kwa mkupuo mmoja. Saa ya kwanza shwari. Ya pili, geji ya shinikizo ikaanza kupanda: bar 2, 4, 7. Nikadhani vali imeziba, nikaifungua, safi kabisa. Nilipotazama chupa ya kupokelea maji, yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele. Yalipotuama, chini likabaki tope laini ajabu. Kaolini haivimbi kama smektaiti, udongo unaovimba ukinyonya maji, ila chumvi ikipungua ghafla vibamba vyake vinabanduka, vinasafiri na kukwama kwenye shingo za vinyweleo, vile vitundu vya mwamba. Shinikizo lilifika bar 11 nikazima pampu. Nilirudisha maji ya chumvi, upenyevu, yaani uwezo wa mwamba kupitisha maji, haukurudi. Kipande kile kilikuwa cha pekee kutoka kina kile, na mpaka leo kinaniuma. Shuka ngazi kwa ngazi, na bakiza kalsiamu kidogo.

Mama_Maabara: Pole sana. Lakini wapo wanaosema kubanduka huko ndiko kunakotoa mafuta. Watafiti Tang na Morrow waliliandika 1999.

Jabali: Na wapo walioona mafuta yakiongezeka bila tope hata chembe. Mimi naamini kubadilishana ioni: ioni za maji mapya zinachukua nafasi ya yule mshenga wa kalsiamu.

Zamu_ya_Usiku: Basi mbona Snorre, eneo jingine la mafuta la Norway, walijaribu maji ya chumvi kidogo na faida ikawa ndogo mno? Mchanga ule ule mnaousifia.

Jabali: Kwa sababu mwamba wa Snorre tayari ulikuwa na hali nzuri ya kuachia mafuta, hakukuwa na cha kurekebisha. Lakini Clair Ridge, mradi wa mafuta magharibi ya visiwa vya Shetland, Uskoti, mtambo wa kupunguza chumvi uliingizwa kwenye mradi tangu mwanzo. Huwezi kuhukumu mchanga wote kwa kisima kimoja.

Mama_Maabara: Tone, vipande umevilowesha kwenye mafuta siku ngapi?

Tone_la_Mwisho: Siku 3, kwa joto la chumbani.

Mama_Maabara: Mwanangu, hapo mwamba bado unapenda maji. Mafuta hayajaushika uso, utapima nini? Vipe wiki kadhaa kwenye joto la tabaka.

Kokoto_Laini: Tena kwenye maji ya tabaka yenyewe, si chumvi ya mezani pekee. Bila kalsiamu, yule mshenga, daraja kati ya udongo na mafuta halijengeki.

Zamu_ya_Usiku: Wiki mbili zinatosha.

Mama_Maabara: Kwa mafuta yenye asidi nyingi, labda. Kwa mengine nimeona sita hazitoshi.

Jabali: Tone, bariamu je? Hujajibu.

Tone_la_Mwisho: Nimefungua ripoti ya maji ya tabaka sasa hivi. Kalsiamu ipo, magnesiamu ipo. Safu ya bariamu imeachwa wazi, hawakupima. Naomba oda isogezwe, nitarudi na jibu.