Nilimdhamini shemeji mkopo, wakauongeza bila kuniambia. Bado nadaiwa?

Mama Tunu: Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mwaka 2022 nilimdhamini shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, mkopo wa milioni 4 kwenye SACCOS ya kazini kwao. Nikasaini, nikabandika picha ya pasipoti na dole gumba. Yeye aliweka bajaji, kadi ikabaki ofisini. Mwaka jana deni likiwa limebaki milioni 1.2, wakamwongezea: la zamani likafungwa, akapewa mkopo mpya wa milioni 6. Mimi sikuitwa wala sikusaini. Kadi wakamrudishia, akaiuza bajaji. Sasa kahama mji, na juzi nimeletewa barua: nilipe milioni 5.3 ndani ya siku 14 au wanakuja kukamata mali. Mali yangu ni cherehani tatu na friji. Usiku sipati usingizi.

Mdau_Moro: Pole mama. Ila ulisaini. Mdhamini ni mdeni, lipa tu.

Karani Mstaafu: Mdau, nusu ya usemayo ni kweli. Mdhamini anabeba deni sawasawa na mkopaji, na anaweza kudaiwa hata mkopaji hajashtakiwa. Lakini Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina milango ya kutokea. Wakibadili masharti bila ridhaa ya mdhamini, yanayofanyika baada ya hapo hayamhusu. Mkopaji akifutiwa deni na mkopeshaji, mdhamini naye yuko huru. Na mkopeshaji akiachia dhamana aliyopewa na mkopaji bila mdhamini kukubali, mdhamini anapunguziwa kwa kadiri ya thamani ya dhamana hiyo. Mama Tunu, yako inagusa yote matatu. Fomu uliyosaini unayo? Soma maandishi madogo, maana wengi huandika humo kwamba mdhamini ameshakubali mabadiliko yoyote.

Mdau_Moro: Na kama wangekaa kimya tu miaka miwili bila kumdai shemeji?

Karani Mstaafu: Hapo asingeponea. Kuchelewa tu kudai hakumfungui mdhamini. Wala kumwachia mdhamini mmoja hakuwafungui wenzake.

Mama Tunu: Nimeipata nakala chini ya sanduku la vitenge. Kipengele cha 6: “Mdhamini anakubali mkopaji kuongezewa muda bila yeye kujulishwa.” Kiasi kimeandikwa kwa kalamu, 4,000,000. Kuhusu kuongeza fedha hakuna neno.

Karani Mstaafu: Basi muda uliwaruhusu, fedha hukuwaruhusu. Omba kwa barua taarifa ya mikopo yote miwili, tuone tarehe ule wa kwanza ulipofungwa. Hiyo ndiyo karatasi yako kubwa. Kwenye barua hiyohiyo kana deni, taja bajaji, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Usisaini ahadi ya kulipa hata laki moja, wasije wakasema umelikubali deni. Cherehani hukuziweka rehani, kwa hiyo bila amri ya mahakama hawana ruhusa ya kuzigusa. Wakienda mahakamani, usikose hata tarehe moja.

Binti Pangani: Mama, pesa ya wakili isikuzuie. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wasaidizi wa kisheria wanatoa ushauri bure. Ulizia ustawi wa jamii halmashauri, watakuelekeza. Nenda na fomu na ile barua ya siku 14.

Mama Tunu: Mungu awabariki. Mwanangu ananiandikia barua sasa hivi. Kesho saa mbili asubuhi nipo mlangoni kwao, nasubiri muhuri.