Nyota ya Kaskazini haionekani Tanga: nianzie wapi kuongoza watu kutazama anga la usiku?

Mwalimu wa Chumbageni:

Ndugu wanajukwaa, hamjambo. Mimi ni mwalimu wa sayansi hapa Tanga mjini, na mwaka huu nimejikuta na kazi ambayo sikuisomea, nayo ni kuwaongoza wanafunzi, na mara nyingine wageni wanaofikia nyumba ya wageni ya shemeji yangu, kutazama nyota usiku ufukweni.

Jaribio la kwanza lilikuwa Julai. Nilichapa chati ya nyota niliyoipata intanetini, nikachagua usiku wa mbalamwezi kwa kudhani kwamba mwanga ungetusaidia kutembea, nikawapanga watoto 24 mchangani Raskazone, nyuso zao zikielekea upande wa Mombasa. Chati ilisema tuanze na Nyota ya Kaskazini. Tuliitafuta kwa robo saa nzima. Kijana mmoja wa darasa la sita, ambaye baba yake ni mvuvi, akaniambia kwa adabu kubwa: "Mwalimu, pengine leo haijawashwa." Wenzake walicheka hadi tukafunga kikao, na kwa kweli hata mimi sikuwa na jibu.

Ninaomba kuelezwa mambo matatu. Nyota hiyo iko wapi kwetu sisi? Ni miezi gani ya mwaka inayofaa kwa kazi hii katika pwani yetu, ambako mvua na mawingu havina miadi? Na je, ninunue darubini kwanza, au kuna cha kuanzia bila hiyo?

Mtembeza Wageni, Pangani:

Mwalimu, pole, ila kijana yule alikaribia ukweli kuliko chati yako. Kimo cha Nyota ya Kaskazini juu ya upeo wa macho hulingana na umbali wa mtazamaji kutoka ikweta kwenda kaskazini. Aliyeko London huiona kwenye nyuzi 51 hivi, na aliyeko kwenye ikweta huikuta imelala juu ya upeo. Tanga iko nyuzi tano kusini ya ikweta, kwa hiyo nyota hiyo iko nyuzi tano chini ya upeo wetu, usiku wote na mwaka wote. Chati uliyochapa ilitengenezewa watu wa Ulaya. Tafuta iliyotengenezwa kwa latitudo ya nyuzi tano kusini, au tumia programu ya Stellarium na uiandikie mahali ulipo.

Tulichokosa ni kiduara kidogo tu cha anga la kaskazini, na badala yake tumepewa karibu kila kitu kingine. Nenda ufukweni katikati ya Mei, saa tatu usiku, iwapo masika itakuachia mwanya. Ukitazama kusini utaiona Salibu, lile kundinyota lenye umbo la msalaba, imesimama wima, na ukinyoosha mkono na kukunja ngumi, ambayo huziba takriban nyuzi 10, utakuta iko ngumi tatu na nusu kutoka chini. Sasa geuka nyuma. Upande wa kaskazini, kwenye ngumi tatu hivi, zitakuwepo zile nyota saba za Dubu Mkubwa, zimepinduka kichwa chini. Wageni wangu kutoka Ulaya wanamjua Dubu tangu utotoni na hawajapata kuiona Salibu, na wale wa Australia mambo yao ni kinyume chake. Mimi huwasimamisha katikati na kuwageuza mara mbili bila kusema neno, na sijaona bado somo linaloshinda hilo.

Kuhusu miezi, usihesabu kwa kalenda ya ukutani pekee, bali fuata pepo. Wakati wa kaskazi, hasa Januari na Februari, mvua huwa chache na zile nyota tatu za mstari, mshipi wa Jabari, hupita karibu kabisa na utosi. Masika huharibu Aprili na sehemu kubwa ya Mei, na hapo usiahidi mtu chochote. Kusi ina mawingu ya kupita na rasharasha, lakini mvua ikishakatika anga huwa limeoshwa, na kuanzia Julai hadi Septemba utamwona Nge juu upande wa kusini, na mkia wake uliopinda ukiingia ndani ya Njia ya Maziwa mahali inapong'aa zaidi, kwani huko ndiko kilipo kitovu cha galaksi yetu. Nge ni kundinyota ambalo mtoto hulitambua bila kubembelezwa. Vuli ni bahati nasibu, ingawa vimondo vya katikati ya Desemba, usiku wa tarehe 13 kuamkia 14, vinastahili kusubiriwa kuanzia saa nne na kuendelea. Vile vya Agosti vinavyosifiwa sana na majarida ya kaskazini, kwetu hutokea chini mno, kwa hiyo usiwakeshee watoto.

Kumbuka pia kwamba kila nyota huchomoza mapema kwa dakika nne hivi kuliko jana yake, yaani saa mbili kila mwezi. Anga unaloliona Januari saa tatu usiku ndilo utakalolikuta Februari saa moja. Ukilishika hilo moja utaweza kupanga mwaka mzima bila kumuuliza mtu.

Jambo ambalo watu wa bara hawalijui ni mwezi pamoja na maji. Mbalamwezi huzima nyota zote ndogo, kwa hiyo twende na giza. Kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa dukani inatosha: kuanzia tarehe 22 ya mwezi mwandamo hadi tarehe tatu ya mwezi unaofuata, saa za mwanzo za usiku huwa na giza zuri. Lakini usiku wa giza totoro ndio wa bamvua, yaani maji makubwa, na kina cha maji kwenye fukwe zetu hupanda na kushuka kwa mita tatu na zaidi. Kwa bahati, siku za bamvua maji hutoka hadi karibu saa nne usiku na kujaa saa kumi alfajiri, hivyo saa za kutazama nyota ufuko huwa mpana. Siku za maji mafu, karibu na tarehe 22, mambo hugeuka na maji hujaa karibu saa nne usiku, ingawa hayapandi sana. Tena, usiku wa giza ndio wa wavuvi wa dagaa, na taa zao hupanga mji mzima baharini upande wa mashariki. Usigombane nao, wao walitangulia. Wapange watu wako wakitazama kusini.

Mjukuu wa Nahodha:

Asalaam aleikum. Naomba kuongeza machache kwa mwalimu, maana nimeona mnataja Salibu na Jabari, lakini jina la nyota iliyopotea hamkulitaja. Wazee wetu wa majahazi waliiita Jaa, na neno hilo hilo likatumika kwa maana ya upande wa kaskazini, kama Suheli, ambayo ni nyota, lilivyotumika kwa maana ya kusini. Manahodha wa Kiarabu waliokuja na pepo za kaskazi walipima kimo cha Jaa kwa vidole, au kwa kibao chenye uzi wa mafundo, na hivyo wakajua wamefika wapi kwenye pwani. Walipoteremka kusini hadi Jaa ikazama, walihamia kwenye nyota za jirani yake, Farkadani, na kwenye zile za Dubu Mkubwa walizoziita Naashi. Ahmad ibn Majid, mwanamaji wa karne ya 15, aliandika mambo hayo kwa mashairi ili yahifadhike kichwani. Basi mwambie kijana wako kwamba nyota haikuzimwa, imezama, na kwamba watu walijua kupita bandari hizi bila hiyo kwa mamia ya miaka.

Suheli yenyewe utaiona Februari saa tatu usiku, upande wa kusini, kwenye ngumi nne na ushei. Ni ya pili kwa kung'aa katika anga lote la usiku, na ya kwanza, Shira, huwa juu yake karibu na utosi. Ukizipata hizo mbili pamoja huhitaji chati.

Kuna kingine ambacho ningependa watoto wa Tanga wakijue kabla ya Dubu wa watu. Ni Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota ambacho wengi huhesabu sita na wenye macho makali huongeza. Jina limetoka kwenye kulima. Bibi yangu, aliyekuwa na shamba la mihogo Tongoni, alikuwa akitoka uani baada ya magharibi mwishoni mwa Aprili, ameshika kibatari ambacho alikizima kabla ya kutazama juu, na akikiona Kilimia kimeinama kuelekea machweo husema: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Ukikitazama kwa makini, methali hiyo ni taarifa ya anga. Katika mwezi wa Mei jua hupita upande ule ule wa anga kilipo Kilimia, kikapotea kwenye mwanga wake kwa wiki kadhaa, kisha mwezi wa Juni hujitokeza tena alfajiri upande wa mashariki. Kupotea kwake huangukia masika, na mkulima aliyekuwa akipima mvua za wakati wa kuzama alikuwa akijaribu kukisia hali ya wakati wa kuzuka. Sisemi ni hesabu isiyokosea. Nasema kwamba mtu aliyeitunga alikuwa akitazama juu mwaka baada ya mwaka.

Wazee hao pia walihesabu mwaka wa jua kuanzia siku ya Nairuzi, yaani mwaka mpya wa Waswahili, kwa makumi ya siku, kila kumi likiitwa mwongo, na wavuvi na wakulima wakapanga kazi kwa miongo hiyo. Mwezi mwandamo ulikuwa wa ibada, na miongo ilikuwa ya jembe na mshipi. Mwalimu ukitaka somo la misimu, anza hapo.

Mwalimu wa Chumbageni:

Wa aleikum salaam, na shikamoo mzee wangu, kwani nahisi umri wako unanizidi. Nimeisoma methali hiyo kwa darasa leo asubuhi na watoto watatu walikuwa wakiijua, bila kujua kwamba Kilimia ni nyota. Nimekusudia kurudi ufukweni Januari, wakati wa giza, na safari hii kusini mwa mji, huko Mwarongo, ili mwanga wa mji na bandari ubaki nyuma yetu. Swali la darubini bado halijajibiwa.

Fundi wa Lenzi:

Mwalimu, nitajibu mimi, ingawa jibu langu litawaudhi wauzaji. Usinunue darubini kubwa sasa. Piga hesabu: watoto 24, kila mmoja dakika mbili kwenye jicho la darubini, ni dakika 48, na wakati huo 23 kati yao hawana la kufanya isipokuwa kurushiana mchanga. Tena Dunia hujizungusha nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo ukikuza mara 100 sayari hutoka nje ya duara baada ya dakika mbili hivi, na utakuwa ukiitafuta upya kila mtoto anapoondoka.

Nunua darubini za macho mawili, zile zilizoandikwa 7x50 au 10x50, jozi moja au mbili. Zitawaonyesha Kilimia kikiwa na makumi ya nyota, zitawaonyesha lile wingu la gesi chini ya mshipi wa Jabari, na ukiziegemeza kwenye mti zitatoa miezi minne ya Mshtarii, ile ile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Pete za Zohali hazitaonekana, na ni vyema uwaambie mapema.

Januari, kabla hujagusa darubini yoyote, waonyeshe upande wa kusini vile vipande viwili vya ukungu mweupe vinavyoitwa Mawingu ya Magellan. Kile kikubwa kiko chini ya Suheli. Niliwahi kuwa na kijana aliyekitazama kwa dakika kumi kisha akasema, "Wingu lile halisogei." Nikamwambia kwamba si wingu bali ni galaksi nyingine, na kwamba mwanga aliokuwa akiuona uliondoka huko miaka 160,000 hivi iliyopita. Hakuniuliza kitu tena usiku ule, alilala chali tu.

Mengineyo ni ya mikono. Macho huhitaji nusu saa kulizoea giza, na simu moja ikiwaka inawarudisha wote mwanzo, kwa hiyo zikusanye kwenye kikapu. Tochi uifunge kipande cha khanga nyekundu kwa mpira wa ndala uliokatwa pete. Mwanga mwekundu hauharibu macho, na haumsumbui sana kasa anayepanda kutaga. Kuonyesha nyota, piga goti nyuma ya mtoto, nyoosha mkono wako kando ya shavu lake, afuate kidole. Kalamu ya leza sikushauri, kwani ndege hutua Tanga na wavuvi wako majini. Walaze kwenye mikeka, maana shingo huchoka haraka, na funika lenzi kwa kitambaa, kwani umande wa pwani hauna huruma.

Mwalimu wa Chumbageni:

Ahsanteni sana. Kijana yule nimempa kazi ya kushika tochi. Naomba Mtembeza Wageni anithibitishie kitu kimoja: tarehe 28 ya mwezi mwandamo, saa mbili usiku, maji yatakuwa yanatoka au yanajaa?

Mtembeza Wageni, Pangani:

Yatakuwa yanamalizia kutoka. Yatageuka karibu saa tatu, na hadi saa tano bado utakuwa na mchanga wa kutosha. Hata hivyo tandika mikeka juu ya ule mstari wa mwani mkavu, na mjulishe mwenyekiti wa kitongoji siku moja kabla, ili asidhani ni watu wa magendo.