Gari linatoa moshi: tupeane uzoefu kabla injini hazijafunguliwa bure

Baba Wawili (Umoja)
Ndugu na dada zangu, naomba tukusanye hapa visa vya magari yetu yaliyotoa moshi. Sema ulikuwa wa rangi gani, ulitokea wakati gani, na mwishowe ugonjwa ulikuwa upi. Naanza na changu.

Gari ni la petroli, injini ya 1500, lilitoka Japani likiwa limeshatumika. Mwaka jana lilianza kutoa moshi wa buluu kila asubuhi nikiliwasha, dakika moja hivi, kisha unapotea. Nikishuka mteremko nimeachia mafuta, nikikanyaga tena huko chini, linatoka wingu moja. Oili ilipungua karibu nusu lita kila kilomita 1,000. Fundi wa kwanza alisikiliza injini dakika mbili akasema ringi (pete zinazozunguka pistoni) zimekwisha, nitafute pesa ya overholi, yaani kufungua na kutengeneza injini nzima. Niliumia sana, maana pesa hiyo ilikuwa karo ya muhula.

Fundi wa pili, huko Kariobangi Light Industries, hakutaja bei kwanza. Alitoa plagi zote nne, akapima kompresheni (nguvu ya kubana hewa) silinda moja moja na kuandika namba kwenye kipande cha katoni. Kisha akatia kijiko cha oili katika kila silinda akapima tena. Alinieleza kwamba ringi zikichoka, oili hiyo huziba mwanya na namba hupanda sana. Zangu zilikuwa nzuri tangu mwanzo na zilisogea kidogo tu. Basi ilikuwa valvu sili, vile vimpira vinavyozuia oili kwenye valvu. Zikikauka, oili huchuruzika usiku kwenye shina la valvu, na asubuhi ndiyo huungua. Alizibadilisha bila kutoa hedi (kichwa cha injini), akiingiza upepo wa kompresa kupitia tundu la plagi ili valvu zisidondoke ndani. Kazi ya siku moja. Mpaka leo, miezi kumi, moshi haujarudi.

Mama Shiru (Kinoo)
Pole kwa hayo, Baba Wawili. Mimi wangu ulikuwa mweupe, mzito. Nilikuwa napanda kwenda Limuru, mshale wa joto ukapanda, nikaendelea kwa sababu watoto walikuwa wanasubiri shuleni. Hilo ndilo kosa ninalolijutia. Ningesimama pale pale, hedi haingepinda.

Chanzo kilianza mapema zaidi. Kuna fundi aliyewahi kutoa themostati (kile kifaa kinachofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto la injini) akisema huku kwetu haina kazi, na tangu hapo tulikuwa tunajaza maji ya mfereji badala ya kulanti (maji maalum ya kupozea injini). Nairobi iko juu, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni kulanti na kofia ya rejeta inayoshika presha. Kofia yangu mpira wake ulikuwa umepasuka! Gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya hedi na bloku) ikaungua, maji yakaingia kwenye silinda. Ukifungua kifuniko cha oili unaona utando kama uji wa maziwa. Hedi ilichongwa kwenye mashine, nikanunua gasketi mpya, themostati mpya na kofia mpya. Kofia ndiyo iliyokuwa ya bei rahisi kuliko vyote.

Kijana wa Kikuyu
Swali: gari langu hutoa moshi mweupe asubuhi hii baridi ya Julai. Nimeanza kuogopa.

Mama Shiru
Usiogope, mwanangu. Ukipotea injini ikipata joto, na maji ya rejeta hayapungui, huo ni mvuke tu. Weka alama kwenye tangi la kulanti, angalia wiki nzima injini ikiwa baridi.

Pikapu ya Marikiti
Mimi ni dizeli, nabeba viazi kutoka Kinangop. Moshi mweusi tititi kwenye milima, na nguvu hakuna. Watu walinishauri nitengeneze nozeli (zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini), nikazipeleka Kirinyaga Road zikapimwa kwenye mashine: nzima. Nikabadilisha ea klina (chujio la hewa), maana nilikuwa naipuliza kwa upepo tu kila wiki. Afadhali kidogo. Mwisho kijana mmoja akapapasa lile bomba la mpira linalotoka kwenye turbo (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini), akakuta limechanika kwa chini, mahali usipoweza kuona. Hewa ilikuwa inavuja, dizeli inabaki nyingi kuliko hewa, ndiyo unaona masizi. Mliobeba mizigo, papaseni mabomba hayo kabla ya kugusa pampu.

Dada wa South B
Kwangu mhudumu wa kituo cha mafuta alizidisha oili, karibu lita nzima juu ya alama. Moshi wa buluu siku hiyo hiyo. Tulipunguza, ukaisha. Pimeni wenyewe gari likiwa mahali tambarare.

Mzee wa Tanki
Msisahau mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa. Ile tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 iliwekwa kwa sababu ya mchezo huo. Moshi ukianza ghafla baada ya kujaza tangi, kumbuka ulijaza wapi, na utunze risiti.

Kijana wa Kikuyu
Asanteni sana. Na anayekwenda kununua gari la mkononi aangalie nini?

Baba Wawili
Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na uende asubuhi. Ukifika, gusa boneti kwanza. Ikiwa ya moto, mwambie utarudi kesho, kwa sababu moshi kama ule wangu usingeuona injini ikishapata joto. Boneti ikiwa baridi, simama nyuma ya ekzosi na mtu mwingine awashe. Halafu uliache lisailensi (lingurume bila kukanyagwa mafuta) dakika tano hivi na akanyage mafuta kwa nguvu mara moja. Chomoa dipstiki (kijiti cha kupimia oili) pia. Oili ikiwa nzito kama asali, uliza kwa nini imetiwa nzito hivyo, kwani oili nzito huficha moshi kwa muda.

Mimi kesho nasindikiza shemeji yangu kuangalia gari Ngong Road. Tunatoka saa kumi na mbili na nusu.