Empakaai: kwanini maji ni ya magadi wakati vijito vinaingia? Na flamingo wanazaliana kule?

Mshukaji: Wakuu habari zenu. Juzi nilishuka Empakaai, ile kreta yenye ziwa kule Ngorongoro, na wenzangu wawili na askari wa hifadhi mwenye bunduki (huruhusiwi kushuka bila yeye, nyati wapo humo msituni). Asubuhi ukungu mzito, baridi inauma masikio, tunashuka tu hatuoni kitu ila huko chini tunasikia kelele kama mabata bukini wanagombana, ukungu ulivyofunguka ukingo wote ni pinki tupu, jamani nilisimama nikakosa la kusema. Nimegusa maji, yanateleza vidoleni kama ya sabuni, na manyoya yamegandia kwenye ule ukoko mweupe. Sasa yale maji ya vijito yanaenda wapi? Na hao ndege wanataga palepale?

Babu Makande: Mkuu hayaendi popote, ziwa halina mto wa kutokea. Maji yanapita kwenye miamba na majivu ya volkano yanabeba sodiamu, yakifika ziwani jua linayanyonya magadi yanabaki, miaka na miaka. Ni jamii ya magadi haya haya tunayolainishia maharage. Na lile ziwa lina kina, karibu mita 80, ndo maana wengi umewaona pembeni.

Dada wa Karatu: Flamingo wale ni aina mbili: aina ndogo yenye pinki iliyokolea wanakula mwani uleule unaoitwa spirulina, aina kubwa weupeweupe wanachuja vidudu. Siku nyingine mwangalie mmoja akila, kichwa kakipindua, mdomo wa juu uko chini, ulimi unasukuma maji kama pampu. Rangi yao inatoka kwenye chakula, kifaranga ni kijivu kabisa.

Kutaga ni Ziwa Natron. Empakaai iko juu zaidi ya mita 2,000, Natron kama mita 600 tu, joto kali, wanajenga vichuguu vya tope katikati ya magadi ambako fisi hafiki. Karibu robo tatu ya flamingo wa ile aina ndogo wa dunia nzima wanaanguliwa pale, ndo maana ule mpango wa kiwanda cha magadi wa 2006 ulituuma sana, ukiharibu pale hata flamingo wa Empakaai, na wa maziwa ya Nakuru na Bogoria kule Kenya, wataisha.

Babu Makande: Nyongeza, flamingo naye anahitaji maji yasiyo na magadi ya kunywa na kuoshea manyoya.

Mshukaji: Kumbe! Walikuwa wamejazana pale kijito kinapoingilia, mi nikajua wanatukimbia sisi. Asanteni sana.